Kijenge na watoto wasio na pa kuchezea

Juni 11 ni Siku ya Kimataifa ya Mchezo, iliyotengwa na Umoja wa Mataifa na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Jijini Arusha mazungumzo ni mengine: AFCON 2027, tutakayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na uwanja wa Olmoti wa watazamaji 30,000. Hapo Kijenge, mtoto mwenye mpira wa makaratasi husubiri bodaboda ipite ndipo apige.

Haikuwa hivyo zamani. Kabla ya mji kusogea, miteremko hii ya Meru ilikuwa migomba na malisho ya Waarusha, na layoni, wavulana ambao bado hawajatahiriwa, walichunga ndama na mbuzi huku wakicheza. Mtafiti P. H. Gulliver, aliyeishi na Waarusha miaka ya 1950 na kuandika kitabu kuwahusu mwaka 1963, aliona ardhi ikiwabana tangu wakati huo. Ndugu waliochunga pamoja walikua wakaja kugombania mipaka ya mashamba. Ukisoma Gulliver, unaielewa Kijenge ya leo kuliko ukisoma ramani ya jiji.

Mji ulikuwa umeanza kusogea mapema: boma la Wajerumani lilikamilika mwaka 1900. Mji ukazidi kukua, Kijenge ikapokea Wameru, Wachaga, Wapare, Warangi, na watoto wao wakakutana nje.

Nje kulikuwa na rede: dada wawili wanarushiana mpira wa matambara, wa katikati anakwepa huku akijaza chupa mchanga. Kulikuwa na mdako, gololi, tairi linalosukumwa kwa kijiti. Lakini mchezo uliozaa kesi nyingi ni kombolela. Kopo linapigwa teke, mtafutaji analifuata, wengine wanatokomea migombani. Akikuona anakutaja jina na kuligusa kopo, nawe umekamatwa. Mmoja akiwahi kulipiga kopo tena, mateka wote wameokoka.

Hapo ndipo ndugu walipojulikana. Mama akienda sokoni alimwachia mkubwa amri moja: "Nenda na mdogo wako." Mdogo hakujua kujificha, alicheka, akakamatwa wa kwanza. Basi kaka aliyejificha vizuri, ambaye angeweza kukaa kimya mpaka mchezo uishe, alitoka mbio kulifuata kopo kwa ajili ya huyo mmoja. Wenzake walimlaumu kwa kujitoa mapema. Wajanja walibadilishana mashati. Mtafutaji akiona shati la kaka akitaja jina lake, kumbe ni mdogo mtu, basi ameshindwa! Ugomvi wa hapo ulifika hadi majumbani, na mama hakuuliza nani mkosaji. Aliuliza kwa nini mkubwa hakumtetea mwenzake.

Sidai kwamba kombolela ilimaliza kesi za mirathi. Ila mtu aliyekwisha kukimbilia kopo kwa ajili yako ni vigumu kumfikisha baraza la kata bila kusita.

Kisha vikaja viwanja vya kujenga, kuta na mageti. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 Arusha Mjini. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Migomba iliondoka na mafichio yakaondoka nayo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki ambazo mzazi hapaswi kumnyima mtoto. Sawa, lakini mzazi wa Kijenge aliyepanga vyumba viwili, uani pamejaa kamba za nguo na pikipiki, atampeleka wapi? Jiji linaloweza kupata eneo la uwanja wa watu 30,000 haliwezi kusema limekosa robo eka kila mtaa. Madiwani wapime vipande vilivyosalia kabla havijauzwa, waviwekee mipaka, na majina ya vipande hivyo yabandikwe kwenye ofisi za kata ili kila mzazi ayaone.