NANI ALIYEUMBA? Safari ya Hoja za Kumjua Allah, Kutoka Badr Hadi Madrasa Zetu

  

Ndugu msomaji, Ramadhan imeingia na misikiti imejaa. Hata wale ambao mwaka mzima hatuwaoni sasa wako safu ya kwanza, Alhamdulillah. Lakini hebu nikuulize swali moja, ujijibu mwenyewe kimyakimya: wewe unaamini kwamba Allah yupo kwa sababu gani? Ukisema, "Kwa sababu babangu na mamangu ni Waislamu," basi jua kwamba Makureshi nao walikuwa na jibu kama hilo walipoambiwa waache masanamu. Walisema ndivyo walivyowakuta wazee wao.

Namjua kijana mmoja aliyesoma madrasa vizuri, Juzuu Amma yote anayo kifuani. Alipofika chuo kikuu wenzake wa chumbani wakamuuliza: kama kila kitu kimeumbwa, Mungu naye kaumbwa na nani? Hakuwa na jibu. Likizo ilipofika akaenda kumuuliza mtu mzima wa mtaani kwao anayeheshimika kwa elimu. Akafokewa, akaambiwa hayo ni maneno ya makafiri, alete istighfar aende zake. Kweli akaenda zake. Tangu siku ile swali hakuliuliza tena, na msikitini pia hakuonekana tena.

Makala hii ni kwa ajili yake na wengine kama yeye. Maswali haya si mapya, wala si ya makafiri peke yao. Wanavyuoni wetu waliyauliza, wakayajibu, na mmoja wao hata aliugua kwa ajili yake.

MAGHARIBI MOJA MADINA

Turudi mwaka wa 2 Hijria, sawa na 624 Miladia. Vita vya Badr vimepiganwa ndani ya mwezi huu huu wa Ramadhan na Makureshi wameshindwa. Jubayr bin Mut'im, akiwa bado mshirikina, anakuja Madina kuzungumzia mateka wao. Anafika wakati Mtume (S.A.W.) anasalisha Magharibi, na sura inayosomwa ni Surat at-Tur. Zikafika aya za 35 mpaka 37.

Aya hizo zinawauliza wakanushaji maswali mafupi mno. Je, wao wametokea tu, pasi na chochote kilichowaleta? Au wamejiumba wenyewe? Au mbingu na ardhi ni kazi ya mikono yao? Jubayr mwenyewe alisimulia baadaye, na Imam Bukhari amelipokea, kwamba moyo wake ulikaribia kuruka.

Kwa nini uruke? Kwa sababu njia zote zilikuwa zimezibwa. Kitu kitokee bila ya sababu yoyote? Akili haikubali. Kijiumbe chenyewe? Basi kingekuwako kabla hakijakuwako, na huo ni mchezo wa maneno. Kwamba mtu ndiye aliyeumba mbingu? Hakuna anayedai hivyo. Imebaki njia moja tu, nayo Qur'ani imemwachia msikilizaji aifikie mwenyewe. Angalia adabu ya hoja hii, ndugu yangu. Haifoki. Inauliza tu, kisha inakungoja.

Lakini kisa hakiishi hapo. Ami yake Jubayr, Tu'ayma, aliuliwa Badr na Hamza (R.A.). Mwaka uliofuata, Jubayr huyo huyo ndiye aliyemwahidi mtumwa wake Wahshi uhuru iwapo atamuua Hamza katika vita vya Uhud, na Wahshi akamuua. Jubayr alisilimu miaka kadhaa baada ya hapo. Hoja ilimfikia moyoni, lakini kisasi kilikuwa bado kimekaa mlangoni. Liweke akilini hilo, tutalirudia.

JAHAZI LISILO NA FUNDI

Kabla ya Jubayr, Qur'ani inatueleza katika Surat al-An'am jinsi Nabii Ibrahim (A.S.) alivyojadiliana na watu wake walioabudu sayari. Alianza na nyota, akaja kwenye mwezi, akamalizia na jua. Kila kimoja kilipotua alikikataa. Kinachochomoza na kutua kinaendeshwa, na kinachoendeshwa hakiwi ndiye mwenye kuendesha.

Wanavyuoni nao walitafuta mifano ya kila siku. Imam Abu Hanifa, aliyefariki Baghdad mwaka 767, husimuliwa kwamba aliwaambia wakanushaji habari ya chombo kilichojaa shehena, kinachojipakia na kupasua mawimbi peke yake bila nahodha. Walipomcheka kwamba hilo haliwezekani, akawauliza: itawezekanaje basi kwa ulimwengu wote huu? Sisi watu wa pwani mfano huu hatuhitaji kutafsiriwa. Nenda Lamu uone mafundi wanavyochonga mbao na kupigilia misumari mmoja mmoja. Kisha mtu akwambie kwamba jahazi lile limejiunda kwa upepo, utamwamini?

SIKU IMAM GHAZALI ALIPOTILIA SHAKA MACHO YAKE

Sasa tufike kwa bwana mkubwa wa uwanja huu, Imam Abu Hamid al-Ghazali. Alizaliwa Tus, Khurasan, mwaka 1058. Akasoma Nishapur kwa Imam al-Juwayni, na mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk akamteua kufundisha katika Nizamiyya ya Baghdad, chuo kilichokuwa na heshima kubwa zama zile.

Mtu huyu, ndugu msomaji, alipita katika shaka kubwa kuliko ya yule kijana wetu. Mwenyewe anaeleza katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dhalal. Jicho huiona nyota ndogo kama sarafu, lakini hesabu huthibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Basi kama macho yanadanganya, akili nayo nani aliyeidhamini? Hali hii anasema ilimkaa karibu miezi miwili na aliiona ni maradhi. Aliponea kwa nuru ambayo Allah aliitia kifuani mwake, si kwa kupanga hoja.

Je, baada ya hapo alizitupa hoja? Hata! Katika kitabu chake al-Iqtisad fil-I'tiqad aliipanga hoja kwa hatua tatu ambazo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuzishika. Kwanza, kila kilichoanza kuwako kina kilichosababisha kianze. Pili, ulimwengu ulianza kuwako. Tatu, basi ulimwengu una aliyeuanzisha.

Utauliza, hiyo hatua ya pili tunaijuaje? Hebu nikupe mfano wa Ramadhan. Mtu akwambie: utafuturu ukimaliza kuhesabu namba zote zisizo na mwisho. Utafuturu lini? Hufuturu abadan! Hali kadhalika, kama siku zilizotangulia hazina mwanzo, basi zingetakiwa zimalizike siku zisizomalizika ndipo leo ifike. Na leo imefika. Kwa hivyo zilikuwa na mwanzo. Ghazali alitoa pia mfano wa sayari ya Zuhali, ambayo huzunguka mara moja kwa kiasi cha miaka 30, hali mzunguko wa jua kwa hesabu ya wakati ule ni wa mwaka mmoja. Ikiwa yote mawili hayana mwanzo, mizunguko ya yote haina idadi, na bado mmoja ni mara 30 ya mwingine. Hapo mambo yanagongana.

NAULI YA KUKOPA: HOJA YA IBN SINA

Nyuma ya Ghazali alikuweko Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa karibu na Bukhara na kufariki Hamadan mwaka 1037. Yeye alipita njia nyingine. Alisema vitu viko namna mbili: kinachoweza kuwako na kutokuwako, na ambacho lazima kiwepo. Mimi na wewe tungeweza kutokuwako, na kuwako kwetu tumepewa.

Chukua mfano huu. Huna nauli ya matatu, unamkopa mwenzako shilingi 50. Anakwambia, "Ngoja nami nikope kwa jirani." Jirani naye anasema vivyo hivyo, na wa pili na wa tatu. Ikiwa kila mtu anakopa na hakuna mwenye pesa zake mwenyewe, shilingi 50 hazifiki mkononi mwako, hata safu ya wakopaji iwe ndefu namna gani. Ukiziona mkononi, jua yuko mmoja ambaye hakukopa. Kuwako kwetu ni hizo shilingi, na asiyekopa ndiye Wajib al-Wujud.

Hapa ndipo swali la "Mungu kaumbwa na nani?" linapojibiwa. Sisi hatukusema kwamba kila kitu kimeumbwa. Tumesema kila kilichoanza, au kila kilichopewa kuwako, kina aliyekipa. Kumuuliza aliyekopesha wote "na wewe umekopa kwa nani?" ni kutosikia kilichosemwa. Mtume (S.A.W.) alitutahadharisha kuwa shetani atamfikisha mtu kwenye swali hilo, akatuamuru tujikinge kwa Allah na tukome. Na masahaba walipomlalamikia kwamba wanapata mawazo wanayoona makubwa hata kuyatamka, hakuwafokea. Aliwaambia kwamba huko kuyachukia ndiyo imani iliyo wazi.

WALIPOTOFAUTIANA

Usidhani wanavyuoni walikubaliana kila kitu. Ibn Sina alishika kwamba ulimwengu hauna mwanzo kwa wakati, ingawa wategemea Allah. Ghazali akamjibu vikali katika Tahafut al-Falasifa, kwa masuala 20, na matatu kati ya hayo akayahukumu kuwa ni kufru. Baadaye Ibn Rushd wa Cordoba, aliyekuwa kadhi na mwanafalsafa, akamjibu Ghazali.

Ibn Rushd aliona hoja za watu wa elimu ya kalamu ni nzito kwa raia wa kawaida. Akasema Qur'ani yenyewe imeonyesha njia mbili nyepesi. Ya kwanza ni inaya, yaani jinsi usiku, mchana, mvua na ardhi vilivyopangwa kulingana na maisha ya mwanadamu. Ya pili ni ikhtiraa, yaani uhai unavyozuka katika kitu kisichokuwa na uhai. Mwaka 1195 alifukuzwa mjini na vitabu vyake vikachomwa. Alirudishiwa heshima yake kabla hajafariki Marrakesh mwaka 1198. Wamepita waliomchomea vitabu, na sisi leo tunavisoma.

"WUJUD, QIDAM, BAQAA..."

Waona hayo yako mbali? Basi kumbuka mlivyokuwa mkikariri sifa 20 madrasani, mkiyumbayumba kwenye jamvi: Wujud, Qidam, Baqaa. Mpango huo umeenea kupitia kitabu cha Imam al-Sanusi wa Tlemcen, Algeria, aliyefariki mwaka 1490. Na dalili anayoitoa kwa sifa ya kwanza, Wujud, ni hiyo hiyo ya ulimwengu kuwa na mwanzo. Qidam maana yake ni kwamba Yeye hana mwanzo. Kwa hivyo jibu la lile swali la chumbani tulikuwa nalo tangu tuna miaka saba. Tulipewa ufunguo, hatukuonyeshwa mlango.

Na sayansi je? Mwaka 1929 Edwin Hubble alionyesha kuwa kadiri magalaksi yalivyo mbali ndivyo yanavyozidi kutukimbia, na mwaka 1965 Penzias na Wilson wakatangaza kugundua mabaki ya joto la zama za mwanzo za ulimwengu. Leo wataalamu wanakadiria umri wa ulimwengu tunaouona kuwa miaka bilioni 13.8. Hayo yanawafikiana na hoja ya Ghazali, lakini tusiitundike imani yetu kwenye nadharia ambayo kesho yaweza kurekebishwa. Hoja ya nauli inasimama vyovyote vile.

TUFANYE NINI?

Mrudie Jubayr. Aliyasikia maswali, moyo ukaruka, na bado ikamchukua miaka. Hoja hukufikisha mlangoni, lakini kuingia kunataka moyo usiokuwa na kiburi wala kisasi. Ndiyo maana tunafunga, tunasimama usiku na tunaomba.

Kwa hivyo wazazi na walimu wetu, tafadhalini, kijana akiuliza msimfukuze. Kama jibu hulijui, mwambie twende tukamuulize anayejua. Nawe kijana mwenzangu, usinyamaze na shaka ikakuoza ndani. Usiku mmoja wa mwezi huu, baada ya Tarawehe, fungua Surat at-Tur, uisome na tafsiri yake polepole. Ukifika aya ya 35, simama hapo kidogo.

Na kama unamjua yule ambaye haonekani tena msikitini, mpelekee gazeti hili pamoja na tende za futari.

Allah atuthibitishe juu ya imani, atukubalie saumu zetu na awarudishe waliotangatanga. Amin. Wabillahi tawfiq.