Picha Iliyomtoa Sengi Mafichoni Udzungwa, na Nyingine Zilizofuata

Leo hatuongelei picha za mastaa, tunaongelea picha za panya. Sawa, siyo panya kabisa, ila ukimwona utasema panya. Subirini kwanza.

Mwaka 2005, ndani ya msitu wa Ndundulu huko milima ya Udzungwa, jamaa mmoja mtafiti kutoka Italia alikuwa ametega kamera. Hizi kamera za mtego hazina mpiga picha. Unaifunga kwenye mti, unaondoka zako, mnyama akipita mbele yake inajipiga yenyewe. Alipokuja kukagua picha akakuta kiumbe hakifanani na chochote kwenye vitabu. Pua ndefu kama kimkonga, miguu myembamba, uso wa kijivu, makalio meusi tii.

Huyo ni sengi, wengine wanamwita sange. Wanasayansi zamani walimweka kundi moja na wale panya wadogo wa pua ndefu wanaokula wadudu. Baadaye vipimo vya vinasaba vikaonyesha ndugu zake wa damu ni tembo, pimbi na muhanga. Yaani huyu mdogo hivi ana undugu na tembo kuliko na panya wa jikoni kwako.

Sasa kilichowachanganya wataalamu ni kwamba sengi wakubwa walikuwa wanajulikana aina tatu tu, na ilikuwa imepita miaka 126 bila kupatikana mpya. Picha tupu haikutosha. Kwenye sayansi picha ni kama umbea wenye ushahidi nusu: watu watakusikiliza, ila watakuuliza "mwenyewe yuko wapi?" Kwa hiyo mwaka 2006 timu ikapanda mlimani kwa wiki mbili hivi, wakahangaika na mitego mpaka wakawakamata wanne. Wakawapima. Karibu gramu 700, mkubwa kuliko sengi yeyote anayejulikana. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi duniani, na jina lake la kisayansi limebeba jina la Udzungwa. Hapatikani sehemu nyingine yoyote, ni misitu miwili tu ya milima hiyo. Nasema hivi kwa sababu nina uhakika wengi wetu tunawajua simba wa Serengeti wenye majina, halafu huyu wa kwetu peke yetu hatumjui hata sura.

Kumbe hii stori ya kutega kamera ni ya kale. Kuna Mmarekani mmoja, mwanasheria aliyewahi kuwa mbunge, miaka ya 1890 alikuwa anawapiga picha swala usiku kwa kutumia kamba. Mnyama akiigusa, unga wa kuwasha mwanga unalipuka paa! na picha imetoka. Mwaka 1906 gazeti la National Geographic likatoa picha zake 74 kwa mpigo. Wajumbe wawili wa bodi wakajiuzulu kwa hasira, wakaona gazeti lao la jiografia linageuzwa kitabu cha picha. Leo gazeti hilo linajulikana kwa nini? Picha.

Turudi kwa sengi. Yuko mwingine, sengi wa Somalia, huyu mdogo na anaishi kwenye mawe makavu ya jangwani. Vitabu vilisema hajaonekana na wanasayansi kwa karibu miaka 50, akawekwa kwenye orodha ya viumbe "waliopotea". Mwaka 2019 timu ikaenda Djibouti. Walitega zaidi ya mitego 1,000 sehemu 12, chambo siagi ya karanga iliyochanganywa na nafaka na hamira. Mtego wa kwanza kabisa, ndani yupo! Ndipo zikapatikana picha na video za kwanza za kisayansi akiwa hai. Kabla ya hapo ulikuwa unamwona amekauka kwenye makabati ya makumbusho.

Ila hapa ndipo panaponikera. Kwenye timu hiyo alikuwepo mtafiti mwenyeji wa Djibouti, na yeye alisema wazi kwamba kwao huyu mnyama hajawahi kupotea. Wenyeji walikuwa wanamwona siku zote, na maelezo yao ndiyo yalisaidia kujua pa kutega. Dunia nzima ikaandika "amepatikana!" Amepatikana na nani? Mchunga mbuzi aliyempisha njiani jana yake hakuwa na kamera, basi hahesabiki.

Halafu kuna ambao picha haikuwaokoa. Chura wa Kihansi mnamjua, hata kama mnamjua kwa utani wa "chura dhidi ya umeme." Ni wa rangi ya manjano, hafiki sentimita 3, na hatagi mayai, anazaa watoto kamili wenye milimita 5 hivi. Jaribu kumpiga huyo picha, tena katikati ya manyunyu ya maporomoko, lenzi imelowa muda wote. Aligunduliwa 1996 wakati mradi wa umeme unaendelea. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakata. Mwaka 2000 wakachukuliwa 499, wakapelekwa Marekani. Waliobaki wakafungiwa mabomba ya kunyunyizia, na kufikia 2003 walikuwa karibu 20,000. Ndani ya miezi michache wakaanguka, na ugonjwa wa fangasi wa ngozi ulikutwa kwao. Mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini.

Kwa hiyo kwa miaka kadhaa, picha yoyote mpya uliyokuwa unaiona ya chura huyu ilikuwa ya ndani ya kioo, ng'ambo. Mtanzania pekee asiyekuwa na kwao Tanzania.

Mwaka 2010 wakaletwa 100 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwisho wa 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi, zaidi ya 2,000. Picha zilizopigwa siku zile zinaonyesha kachura ka manjano juu ya jani bichi lililolowa. Ukiitazama haraka unaipita, unadhani ni ua.