Kizingiti na Mteremko

Mgeni atembeaye katika Mji wa Kale wa Mombasa huona milango ya nakshi yenye kizingiti chini yake. Hana budi kuinua mguu ili akivuke: kabla ya kuvuka yu nje, akisha kuvuka yu ndani. Huona pia njia ziteremkazo kuelekea Bandari ya Kale. Humo aweza kusimama popote, juu, kati au chini, wala hapana hatua moja ibadilishayo safari yote. Kizingiti na mteremko ndiyo mifano itakayotufafanulia mjadala mkubwa wa elimu ya viumbe, na ugonjwa uliowatesa wengi katika pwani yetu.

Miili yetu haiwezi kuishi bila protini. Kila protini ni mnyororo wa vipande viitwavyo asidi amino, na protini nyingi hazifanyi kazi mpaka mnyororo ujikunje na kupata umbo lake. Mmarekani Christian Anfinsen alionyesha, kwa protini yenye asidi amino 124, kwamba mnyororo uliokunjuliwa waweza kujikunja tena wenyewe. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1972. Lakini likabaki swali: je, hujikunja kwa kuruka kizingiti, au kwa kuteleza mteremkoni?

Mwaka 1991 Sophie Jackson na Alan Fersht walieleza habari za protini ndogo ya mbegu za shayiri. Kila mnyororo ulikuwa ama umekunjika ama umekunjuka. Hali ya katikati haikuonekana. Sababu yake ni ushirika. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vivyo hivyo sehemu moja ya mnyororo haiwezi kushika umbo peke yake. Sharti sehemu nyingi zikutane kwanza, na taabu ya kukutana huko ndiyo kizingiti.

Mwaka 2002 Victor Muñoz na wenzake walitangaza kinyume cha hayo. Protini iitwayo BBL, yenye asidi amino 40 hivi, ilipotiwa joto ilikunjuka kidogo kidogo, kama mtu ashukaye mteremko. Fersht na wenzake hawakukubali. Walipima upya, wakasema kizingiti kipo. Ubishi huo ulidumu miaka mingi, nao ulikuwa na faida, kwani kila upande ulilazimika kuboresha vipimo vyake.

Huenda msomaji akauliza: hayo yatuhusu nini sisi? Jibu limo katika damu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba dalili ya selimundu ilizidi watu 20 katika kila 100 kwa baadhi ya jamii za pwani na za kando ya Ziwa Viktoria, lakini nyandani za juu haikufika hata mmoja katika 100. Mwaka 1954 alieleza sababu: aliyerithi dalili hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua.

Chanzo chake ni kidogo mno. Vernon Ingram aligundua, katika miaka ya 1956 na 1957, kwamba himoglobini ya mgonjwa hutofautiana na ya mzima kwa asidi amino moja tu katika mnyororo wake mmoja. Himoglobini hiyo ikiisha kutoa oksijeni huungana na wenzake kuwa nyuzi ngumu, na chembe ya damu hupindika kama mundu. Huku si kukunjika kwa mnyororo, bali ni kuungana kwa minyororo iliyokwisha kunjika. Hata hivyo swali la kizingiti ni lile lile.

Mwaka 1974 James Hofrichter, Philip Ross na William Eaton walionyesha kwamba nyuzi hizo hazianzi mara moja. Himoglobini chache zikikutana huachana tena. Sharti kundi litoshe ndipo uzi ukue kwa kasi. Huo ndio muda wa kungoja. Chembe nyingi za mgonjwa hurudi mapafuni na kupata oksijeni kabla muda huo haujaisha, zikasalimika. Kama kungekuwa na mteremko mtupu, zingepindika zote.

Dawa ya haidroksiurea huongeza himoglobini ya mtoto aliye tumboni, na kwa hiyo hurefusha muda huo. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 katika nchi nne za Afrika, pamoja na Kilifi, kaskazini ya Mombasa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, na vifo pia.

Basi, kijana usomaye, usidharau ubishi wa wataalamu juu ya kitu kisichoonekana kwa macho. Kizingiti kirefushwapo kidogo, mtoto wa pwani huongezewa siku za kwenda shule.