Mwana wa Mwuza-nguo na Wimbo Wake

Sanamu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi tunaijua sote: kanzu ya kahawia, ndege mabegani, mbwa mwitu miguuni. Sanamu nzuri, lakini inatuficha jambo moja. Mtu huyu aliingia njia yake akiimba, na njia ile ile ilimchoma moyo baba yake mzazi. Wimbo na hasira ya mzee vinakwenda pamoja katika hadisi hii.

Alizaliwa Assisi, inchi ya Italia, mwaka wa 1181 ao 1182. Baba yake, Pietro di Bernardone, aliuza nguo za samani, akasafiri hata Ufaransa kwa biashara yake. Mama alimpa mtoto jina la Giovanni, mume akiwa safarini. Aliporudi, Pietro akamwita Francesco, ndiyo kusema Mfaransa. Wakati ule waimbaji wa njiani walipita mji kwa mji na nyimbo za Kifaransa za mashujaa na mabibi wakubwa. Kijana alizipenda mno. Usiku alizunguka mjini na wenzake wakila na kuimba, na feza ilitoka kwa baba. Pietro hakuona ubaya: mtoto aimbe leo, kesho atasimama dukani.

Kesho ile haikufika. Mwaka wa 1202 Assisi ilipigana na Perugia. Fransisko akakamatwa, akakaa kifungoni karibu mwaka mzima. Mwaka wa 1205 akaondoka tena kwenda vitani upande wa Apulia, lakini alipofika Spoleto akarudi. Ndipo alianza kukaa na wakoma, na kutengeneza kanisa la San Damiano lililokuwa likianguka. Kwa kupata feza ya kazi hiyo alikwenda Foligno, akauza nguo za baba yake, akauza na farasi.

Hapa tusimcheke Pietro. Waandishi wa zamani wanamwonyesha kuwa mtu mkali, mpenda feza, na kweli alimfunga mtoto nyumbani, hata mama akamfungulia kwa siri. Lakini nguo zilikuwa zake. Tena nani kati yetu mapadri hajaona, katika kijiji chake mwenyewe, mzee anayekaa kimya mlangoni kwa sababu mtoto wake amekataa kuoa? Pietro aliona kazi ya maisha yake inatupwa njiani, na mwenye kuitupa ni yule aliyemtumainia.

Mwaka wa 1206 wakasimama mbele ya Askofu Guido. Fransisko akarudisha feza, kisha akavua nguo zote akampa baba, akasema ya kuwa tangu sasa Baba yake ni yule wa mbinguni. Askofu akamfunika kwa joho lake. Pietro akachukua nguo, akaenda zake. Wanasimulia kwamba nyuma ya siku ile, kila mara alipokutana na mwanawe alimlaani. Naye Fransisko akajitafutia mzee maskini wa kutembea naye, awe baba wa kumbariki kila akisikia laana. Mtu asiyeumizwa na laana ya baba hatafuti dawa yake.

Na alitoka mjini namna gani? Akiimba kwa Kifaransa! Tomaso wa Celano anaandika kwamba wanyang'anyi walimkuta msituni, wakamwuliza yeye ni nani. Akajibu ya kuwa ni mpiga-mbiu wa Mfalme mkuu. Wakampiga, wakamtupa katika shimo lenye theluji. Walipokwisha kwenda akatoka shimoni akaendelea na wimbo wake. Pengine, furaha ikimzidi, aliokota kijiti akakishika kama zeze, na kingine kikawa uta wake, akajichezea hivi bila uzi wala sauti ya chombo. Ndugu Pacifico, mmoja wa wanafunzi wake, alikuwa mtunga nyimbo aliyevikwa taji na kaisari mbele ya kuacha dunia.

Lakini wimbo wake mkubwa ulikuja nyuma sana, mwaka wa 1225, pale pale San Damiano. Alikuwa karibu kipofu. Mwangaza ulimwumiza macho, na panya walimnyima usingizi. Katika hali hiyo alitunga sifa za Mungu kwa ajili ya viumbe, si kwa Kilatini cha wasomi, ila kwa luga ya watu wa Umbria. Jua analiita kaka, mwezi dada, maji dada, moto kaka, udongo dada tena mama. Yule aliyekosa baba mwaka wa 1206 amejaza dunia nzima na ndugu. Ninazani wengi wanausoma wimbo huu kama sifa za uzuri wa dunia tu, nao wanasahau kwamba mtunzi hakuweza tena kulitazama jua.

Kisha askofu wa Assisi na mkubwa wa mji wakagombana. Fransisko akaongeza maneno juu ya wenye kusamehe, akatuma ndugu wakayaimbe mbele ya wote wawili, nyumbani mwa askofu. Wakapatana.

Alipokaribia kufa aliomba waimbe karibu naye. Ndugu Elia akaogopa: watu wa mjini watasema nini, wakisikia nyimbo katika chumba cha mtu anayepaswa kujitayarisha kwa kifo? Fransisko akamwomba amwache afurahi. Akaongeza neno la mwisho katika wimbo, akikiita na kifo dada. Akafa jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226.

Sauti ya wimbo ule imepotea. Katika kitabu cha zamani kilichotunzwa Assisi, mwandishi aliacha nafasi juu ya maneno ya kwanza ili nota ziandikwe. Nafasi ipo hata leo, tupu.