Mwana wa Mfalme Mshairi

Archil wa Pili alikalia kiti cha enzi cha Imereti, magharibi mwa Georgia, zaidi ya mara moja, na kila mara akang'olewa, kwani nchi yake ilibanwa baina ya Mturuki na Mwajemi. Mwaka 1699 akahamia Moscow kabisa. Ufalme ulimponyoka, kalamu haikumponyoka. Utungo wake mashuhuri ni majibizano ya kubuni baina ya malenga wawili, Mfalme Teimuraz wa Kwanza na Rustaveli, kila mmoja akidai ubora, sanaa ambayo watu wa pwani hawahitaji kuelezwa utamu wake.

Mwanawe Alexander, aliyezaliwa mwaka 1674, alikulia Urusi akawa mwandani wa Tsar Peter. Mwaka 1697 alifuatana naye katika safari ya Ulaya Magharibi, akabaki The Hague kujifunza elimu ya mizinga. Mwaka 1700, akiwa kijana wa miaka 26 hivi, akafanywa jemadari wa mizinga yote ya Urusi.

Cheo kilikuwa kikubwa kuliko zana. Katika kuuzingira mji wa Narva, baruti ilikuwa hafifu, na magari ya mizinga yalivunjika yenyewe. Peter aliondoka kambini muda mfupi kabla ya vita. Mwezi Novemba, Karl wa Kumi na Mbili wa Uswidi alishambulia na watu wapatao 10,000, theluji ikiwapiga Warusi usoni. Warusi, waliokuwa zaidi ya 30,000, walishindwa. Mizinga ikatekwa, na jemadari wake pia.

Alexander alifungwa Stockholm. Huko akasuhubiana na Sparwenfeld, bingwa wa lugha, na pengine hilo ndilo lililomfariji zaidi, kwa mwana wa mshairi. Babake alimwandikia mfalme wa Uswidi kumwombea, maombi hayakufaa. Mzee huyo aliyekuwa amekwisha agiza herufi za Kigeorgia zichongwe Amsterdam na fundi Miklós Kis, aliona Zaburi ikipigwa chapa kwa Kigeorgia mjini Moscow mwaka 1705. Mwanawe hakuwapo.

Alexander alifariki Piteå, kaskazini mwa Uswidi, mwaka 1711. Archil akamfuata mwaka 1713. Akabaki Darejan, dada yake, katika kijiji cha Vsekhsvyatskoye walichopewa Wageorgia. Katika miaka ya 1730 alijenga kanisa hapo. Kijiji kimekwisha mezwa na jiji la Moscow. Kanisa lingali limesimama.