Mwenye Gari Hujua Mwisho

Kabla ya mwaka 1966, hakukuwa na sheria ya Marekani iliyomlazimisha mtengenezaji kumwambia mteja kwamba gari alilouziwa lina kasoro. Kiwanda kikigundua kifaa kibovu, kiliwaandikia mawakala wake tu. Mteja akileta gari kumwaga oili, fundi alikibadilisha pia kile kifaa, akamkabidhi ufunguo, yakaisha. Asiyekuja aliendelea na safari zake. Mwanasheria Ralph Nader alipoyaanika mambo ya viwanda hivyo kitabuni mwaka 1965, General Motors ilimwekea wapelelezi. Machi 1966 rais wake, James Roche, akaomba radhi mbele ya Seneti. Mwaka huohuo sheria ya kuvilazimisha viwanda ikapita. Tabia ikabaki.

Japani ndiko tabia hiyo ilikopangwa kwa ustadi. Tangu 1977, Mitsubishi Motors iligawa malalamiko ya wateja mafungu mawili: ya kuwaonyesha wakaguzi wa serikali, na yaliyotiwa alama ya siri. Haya ya pili yalishughulikiwa kimyakimya gerejini. Mwaka 2000 mtu asiyejitaja aliitonya Wizara ya Uchukuzi, na wakaguzi wakazikuta karatasi ndani ya makabati ya chumba cha kubadilishia nguo. Rais wa kampuni, Katsuhiko Kawasoe, akajiuzulu. Ungedhani wamekoma. Januari 2002, mjini Yokohama, gurudumu la lori lao lilichomoka likamuua mama aliyekuwa akitembea na wanawe. Kampuni ilidai lori halikutunzwa vizuri. Mwaka 2004 ndipo ilipokiri kuwa habu ya gurudumu yenyewe ilikuwa na kasoro. Malori hayo ni Fuso, jina ambalo kwetu halihitaji maelezo.

Mwaka 1999 Ford ilianza kuwabadilishia wenye magari yake ya Explorer wa Saudi Arabia na majirani zake matairi ya Firestone yaliyokuwa yakibanduka kwenye joto. Wamarekani wenye gari hilohilo hawakuambiwa kitu hadi Agosti 2000, matairi milioni 6.5 yalipoitwa yarudishwe.

General Motors nayo ilijua tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kwamba swichi ya ufunguo ya baadhi ya magari yake madogo ni legevu. Goti likiugusa ufunguo, au mzigo wa funguo ukiuvuta, injini huzimika mwendoni, usukani unakuwa mzito na mifuko ya hewa haifumuki. Mwaka 2005 mawakala walielekezwa wawashauri wateja wapunguze funguo kwenye pete. Mwaka uliofuata mhandisi aliidhinisha swichi iliyoboreshwa, lakini namba ya kipuri ikaachwa ileile, hivyo aliyelinganisha vipuri kwa namba hakuona badiliko lolote. Ni hapo ninapoona vigumu kuamini kwamba ulikuwa uzembe tu. Magari milioni 2.6 yaliitwa mwaka 2014; vifo 124 vililipwa fidia.

Mwaka 2017 Takata ilikiri mahakamani Marekani kwamba ilighushi taarifa za majaribio ya mifuko yake ya hewa, ambayo chuma chake huweza kupasuka na kumrukia dereva. Japani iliyakatalia ukaguzi magari ya hatari zaidi yenye mifuko hiyo ambayo hayajarekebishwa. Lakini barua ya kuliita gari hufuata anwani ya usajili, na gari likishafutwa usajili kule na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam, haimfikii mnunuzi. Hubaki kuitafuta mwenyewe namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji, kisha kutafuta gereji yenye kipuri hicho.