Maziko Yasiyo na Maandishi

Neno "kaburi" tulilipokea kutoka Kiarabu. "Kuzika" ni kitenzi chetu cha Kibantu, na "maziko" yamezaliwa humo humo. Mimi mkazi wa Ngerengere, chini ya milima ya Uluguru, nalipenda neno hili la pili kwa sababu linataja kitendo: mtu aliinama, akamlaza mwenzake ardhini, akamfunika.

Kitendo hicho kingali kinaonekana katika kasoko ya Ngorongoro. Humo mna marundo ya mawe yaliyopangwa na wafugaji wa kale, zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Mwaka 1941 Mary Leakey na mumewe Louis waliyachimbua baadhi yake, wakakuta mifupa ya watu na mabakuli ya mawe. Hayana nguzo kama makaburi ya Kaole na Kunduchi, wala herufi moja. Mpita njia asiyeambiwa huona mawe tu.

Hapo ndipo lugha inapokuwa mlinzi au mharibifu. Ukisema "rundo la mawe", umemwita mwenye kujenga msingi aje na mkokoteni. Ukisema "maziko", hata mgeni hupunguza sauti.

Marundo ya Ngorongoro yamebahatika: eneo lake ni hifadhi tangu 1959, likaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, na mwaka 2010 likatambuliwa pia kwa thamani yake ya kiutamaduni. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikuandikiwa mahali penye sifa pekee. Inayataja maziko ya kabla ya mwaka 1863 miongoni mwa vitu inavyovilinda, popote yalipo, na haidai yawe na maandishi. Hata hivyo, ofisa wa mambo ya kale hawezi kukesha katika kila shamba. Mlinzi wa kwanza ni mwenye jembe, naye hulinda kile tu anachojua kukiita kwa jina.

Uluguruni, ambako ardhi imefungamana na ukoo wa upande wa mama, wazee huzijua sehemu za wahenga wao kwa masimulizi. Masimulizi hayo huzikwa pamoja na wasimulizi. Basi, washairi wenzangu, kabla ya kutunga beti nyingine za mapenzi, muulizeni mzee mmoja majina ya mahali hapo, mkayatie vina. Mawe yakihamishwa hayarudi yalivyopangwa.